Neno "charge" na maana zake: maswali ninayoulizwa sana kibandani Kondele

Nina kibanda Kondele, hapa Kisumu. Upande mmoja nachaji simu, upande wa pili kuna kompyuta, printa na mashine ya fotokopi. Kwa kuwa watu huniletea karatasi za kila aina niwatolee nakala, nimejikuta mfasiri ambaye hakuna aliyemwajiri. Mtu anaitandaza karatasi mezani, anaweka kidole juu ya neno, anauliza: "Hapa wanasemaje?" Neno ambalo limeguswa na vidole vingi kuliko yote ni charge. Liko kwenye bango langu, kwenye karatasi za korti, kwenye hati za shamba, kwenye ujumbe wa benki na kwenye daftari la fizikia la mtoto. Maswali nimeyaweka jinsi yanavyokuja. Mimi si wakili. Palipo na sheria nimeeleza sheria inasema nini, lakini kesi yako mpelekee mwenye kazi hiyo.

Kwa nini Waingereza watumie neno moja kwa mambo yasiyohusiana hata kidogo?

Yanahusiana, ila undugu wake ni wa mbali, kama wa watu wanaokutana matangani na kugundua kwamba babu zao walitoka boma moja.

Ukitaka kuuona undugu huo, nenda soko la Kibuye Jumapili asubuhi utazame mikokoteni. Kijana ameinamisha mkokoteni, wenzake wanarusha magunia ya viazi juu, moja, mbili, sita, mpaka magurudumu yanalalama. Hiyo ndiyo charge ya kwanza kabisa. Warumi waliliita gari la kukokotwa carrus, neno walilolipata kwa Wagauli, na kutokana nalo wakapata carricare, yaani kupakia mzigo garini. Kwa Wafaransa wa kale likawa chargier. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa wa nchi, na kufikia karne ya 13 neno hilo lilikuwa limezoeleka katika Kiingereza, bado na maana ya kutwika mzigo.

Mengine yote ni mizigo iliyobadilishiwa migongo. Betri imetwikwa umeme. Mnunuzi ametwikwa gharama. Muuguzi ametwikwa wadi. Mshukiwa ametwikwa lawama. Shamba limetwikwa deni. Cargo, yaani shehena ya melini, ni binamu aliyepitia Kihispania. Carry na car ni wa boma hilohilo. Hata caricature, ule mchoro wa gazetini unaompa mwanasiasa pua kama ndizi, ulitoka kwa Waitaliano, kwao mchoraji huyo "amepakia" kupita kiasi.

Nasi tunasema vivyo hivyo bila kufundishwa na Mrumi yeyote: "wamenibebesha kesi", "nimetwikwa cheo", "ana mzigo wa madeni". Kwa hiyo nikiwekewa karatasi yenye neno hili, huwa nauliza kwanza: nani katwikwa nini?

Basi ni kama neno letu "paa"?

Hapana. Paa la nyumba, paa wa porini, kupaa angani na kupaa samaki magamba ni maneno yaliyofanana sura tu, kama wateja wangu wawili wenye jina moja ambao hawajuani. Walimu huita hali hiyo homonimia. Charge iko karibu zaidi na "piga". Piga ngoma, piga simu, piga pasi, piga magoti, piga picha: tendo la asili ni moja na limetawanyika. Hiyo ndiyo polisemia. Homonimia huna budi kuikariri. Polisemia, ukishaijua shina, matawi unayafikia mwenyewe.

Simu yangu ikichajiwa hapa, ni nini hasa kinachoingia?

Watu wengi hufikiri umeme unamiminwa ndani kama mafuta ya taa kwenye chupa. Lugha ndiyo iliyotupa picha hiyo, na aliyeianzisha ni Mmarekani Benjamin Franklin. Miaka ya 1740, kule Philadelphia, alikuwa akichezea mitungi ya Leyden, mitungi ya glasi iliyopakwa madini ndani na nje, inayoweza kushika umeme. Wakati huo charge lilikuwa pia neno la kujaza bunduki baruti. Mtungi ukijazwa umeme hutulia kimya, kisha ukiguswa unalipuka na kumrusha mtu. Kama bunduki kabisa! Akalitumia neno hilohilo. Mitungi kadhaa aliyoiunganisha pamoja akaiita battery, jina la safu ya mizinga vitani. Betri ya simu yako ina jina la kijeshi, na neno lenyewe linatokana na Kifaransa cha "kupiga".

Ndani ya simu hakuna kinachomiminwa. Chaja inasukuma chembechembe za chaji kutoka upande mmoja wa betri hadi mwingine, na kemikali zinarudi katika hali ya kuweza kuzisukuma tena ukianza kupiga simu. Chaji huhesabiwa kwa coulomb, kipimo kilichopewa jina la Mfaransa Charles-Augustin de Coulomb. Ukiona betri imeandikwa 5,000 mAh, ni ampea 5 kwa saa moja, yaani coulomb 18,000. Mteja mmoja aliposikia hesabu hiyo aliniambia, "Na unanitoza shilingi ishirini pekee!" Nilimshukuru.

Fizikia ya sekondari inazungumzia chaji hiyohiyo, chanya na hasi. Ukisugua biro kwenye nywele ikavuta vipande vya karatasi, umeitwika chaji. Wingu zito la jioni nalo hutwikwa chaji, aghalabu hasi ikiwa nyingi upande wa chini, na inapotafuta njia ya kushuka ndipo watu wa Kisii na Kakamega, wanaojua radi kuliko wengi wetu, huwaambia watoto wasisimame chini ya mti.

Nimepewa "charge sheet". Hiyo charge ni shilingi ngapi?

Swali hili ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kijana wa bodaboda alikuja mwendo wa saa nne asubuhi, jaketi lake la rangi ya chungwa likiwa mkononi, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliifungua juu ya kaunta, akailainisha kwa kiganja, akaelekeza kidole kwenye neno la juu, halafu akainua kidole hichohicho kuelekea bango langu: "Phone Charging 20/-". "Dada," akasema, "hili ni neno lako hili. Sasa yangu ni ngapi?" Mkono wa pili ulikuwa tayari na noti, zimekunjwa zikawa kama sigara. Alikuwa amekopa kwa wenzake wa steji.

Charge sheet ni hati ya mashtaka. Hailipwi. Sehemu inayoitwa charge inataja kosa na kifungu cha sheria kinachosemekana kuvunjwa. Sehemu ya particulars inaeleza unadaiwa kufanya nini, siku gani, mahali gani. Yake ilikuwa ya kuendesha pikipiki bila leseni. Hakukuwa na tarakimu yoyote ya pesa kwenye karatasi ile, naye alikuwa ameitafuta usiku kucha.

Pesa zinaweza kuja baadaye kwa majina mengine, na inafaa uyatenganishe. Kuna dhamana, pesa au ahadi unayoweka ili uachiliwe ukisubiri kesi, ambayo hurudishwa ukitii masharti. Kuna faini, adhabu baada ya kupatikana na hatia. Zote mbili hulipwa kwa utaratibu wa mahakama na zina risiti. Mtu akikuambia kwenye korido "leta ya charge", ujue amelielewa neno vizuri kuliko wewe na anakutumia hapo usipoelewa.

Ukisomewa charge kortini, utaulizwa kama ni kweli au si kweli. "Ni kweli" maana yake umekubali kosa. Wapo wanaojibu "ni kweli" wakimaanisha kwamba ni kweli walikamatwa siku hiyo, basi. Katiba ya mwaka 2010 iliona hatari hiyo. Kifungu cha 49 kinataka aliyekamatwa aelezwe sababu mara moja kwa lugha anayoielewa, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au mwisho wa siku ya kazi ya mahakama inayofuata ikiwa saa hizo zinaishia nje ya muda wa korti. Kifungu cha 50 kinampa haki ya kuelezwa shtaka kwa undani wa kutosha kulijibu, na kupata mkalimani bila kulipa ikiwa haelewi lugha ya kesi. Mwambie hakimu, "Sijaelewa, naomba nisomewe kwa Kiswahili," au kwa Dholuo, au kwa Kinandi. Hakuna atakayekutoza.

Kijana alirudisha noti mfukoni. Kisha akaninunulia soda, jambo ambalo sikulikataa.

Nimeambiwa niko "discharged". Imeisha?

Inategemea umeambiwa na nani. Dis- mbele ya charge ni kutua mzigo, lakini kuna kutua kwa kudumu na kuna kutua ukapumua kisha ukatwishwa tena.

Kortini, upande wa mashtaka ukiondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a) cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kabla hujaitwa kujitetea, unakuwa discharged, lakini unaweza kushtakiwa upya kwa mambo yaleyale. Hiyo si sawa na acquitted, ambayo ni kuondolewa lawama. Watu huchanganya haya mawili wakachinja kuku mapema. Ipo pia discharge ya kifungu cha 35 cha sheria ya adhabu: korti imeona kosa lilitendeka, ila haioni faida ya kuadhibu. Inaweza kuwa bila masharti, au kwa sharti kwamba usitende kosa kwa muda usiozidi miezi 12.

Hospitalini ni habari njema zaidi. Umeruhusiwa kwenda nyumbani, na discharge summary ni karatasi inayoeleza uliugua nini, ukatibiwa vipi na urudi lini. Itunze, maana watakuuliza hiyo ukirudi kliniki.

Lakini hukohuko hospitalini kuna discharge nyingine. Mama mmoja anayeuza omena aliniletea kitabu cha kliniki cha mwanawe nikitolee nakala. Daktari alikuwa ameandika "discharge, left ear, 3 days". Mama alikasirika kweli: "Mtoto hajalazwa hata siku moja, wameandika aliruhusiwa baada ya tatu!" Hapo discharge ni usaha au majimaji. Sikio la kushoto limetoa uchafu kwa siku tatu. Mzigo ni uleule unatuliwa, ila huu hakuna anayeshangilia.

Dispensari wameniambia nimwone "in-charge". Ni cheo cha daktari?

Ni mkuu wa kituo au wa wadi, awe daktari, afisa wa kliniki au muuguzi. Kwetu limekuwa nomino kamili, "in-charge ameenda mkutano", jambo ambalo Mwingereza wa London angelisikia akageuza shingo. Akija Russia, kama tunavyoiita hospitali kuu ya rufaa hapa mjini, atalizoea kufikia saa sita.

Angalia mtego mmoja. "The nurse is in charge of the child" ni muuguzi anayemsimamia mtoto. "The child is in the charge of the nurse" ni lilelile, mtoto yuko chini ya uangalizi wa muuguzi. Ka-neno kadogo the kamegeuza aliyebeba na aliyebebwa. Nimewaona walimu wakikiruka.

Nilifanya sachi ya shamba (kukagua rekodi zake kwenye rejista ya ardhi), wakaandika kuna "charge". Kuna mtu ameshtaki shamba?

Hakuna aliyeshtaki, ila usilipe hata thumni kabla hujaelewa.

Katika sheria ya ardhi ya Kenya charge ni rehani. Mwenye shamba amekopa, na shamba limewekwa dhamana ya deni. Rejista ya ardhi ina sehemu tatu: A ni ya maelezo ya shamba lenyewe, B ni ya mwenyewe, na C ni ya mizigo iliyo juu yake. Charge huandikwa sehemu C. Wanunuzi wengi husoma A kuona ukubwa, wakasoma B kuona jina la anayewauzia, wakafurahi, wakafunga. C ndiyo ya kusoma kwanza.

Mzee mmoja kutoka upande wa Muhoroni alikuja na karatasi ya sachi ya ekari za miwa ambazo mwanawe alitaka kuzinunua. Bei ilikuwa nzuri mno, na bei nzuri mno ina sababu. Nilimwonyesha C. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema, "Kwa hiyo ninanunua miwa pamoja na mkopo wa mtu." Hasa.

Charge haimfanyi mkopeshaji kuwa mwenye shamba. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inasema ni dhamana tu, umiliki hauhami. Lakini inampa nguvu. Deni lisipolipwa kwa mwezi mzima anaweza kutoa notisi, na kwa deni la pesa notisi hiyo humpa mdaiwa angalau miezi 3 ya kulipa. Akishindwa na mkopeshaji akaamua kuuza, lazima atoe notisi nyingine ya siku 40. Ikiwa ni nyumba ya familia, mume au mke lazima awe ameridhia charge hiyo, la sivyo haina nguvu. Akina mama, hapo ndipo pa kuuliza kabla ya kutia sahihi mahali mlipoonyeshwa kwa kidole.

Maneno mawili hufuatana na hilo, na yamewaumiza vichwa wengi. Chargor ni aliyeweka shamba. Chargee ni aliyekopesha. Ukimaliza kulipa, hakikisha unapewa hati ya discharge of charge na kuisajili. Ukiiacha kabatini, sehemu C itaendelea kusema una deni mpaka wajukuu zako waanze kuuliza.

Charge, fee, fare, price, fine: si zote ni pesa?

Zote ni pesa, na hapa Kiswahili kimetengeneza njia zake nzuri kuliko watu wanavyodhani. Shule inataka karo, matatu inataka nauli, mwenye nyumba anataka kodi, korti inataka faini, serikali ushuru, mwenye duka anataja bei, wakili au daktari anataka ada. Charge ni malipo ya kutendewa huduma, na kitenzi chake cha kawaida kwetu ni kutoza. "How much do you charge?" ni "Unatoza ngapi?" wala si "Unachaji ngapi?", ingawa hili la pili nalisikia kila siku na nimeacha kupigana nalo.

Mifano unayo mfukoni. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007 tumejifunza kusema "tuma na ya kutoa", na hiyo ya kutoa ndiyo charge ya kutolea. Kwenye ujumbe wenyewe wameandika transaction cost, lakini hakuna mtu Kondele anayesema hivyo. Kwenye bei ya tokeni za stima kuna fuel energy charge, gharama ya mafuta ya kuzalishia umeme, ambayo hupanda na kushuka, na ndiyo moja ya sababu shilingi mia ya mwezi huu haikupi yuniti sawa na za mwezi uliopita.

Free of charge ni bure. Soma mstari unaofuata, maana "delivery free of charge" imekupa usafirishaji bure, bidhaa bado ina bei yake.

Mwanangu ametafsiri "The rhino charged the vehicle" kuwa "Kifaru alitoza gari". Amekosea wapi?

Amekosea kifaru. Mwingine aliandika "hoteli ilimvamia mtalii" kwa "the hotel charged the tourist", na huyo sikumsahihisha haraka, kwa kuwa nimewahi kuona bili za hoteli.

Mnyama aki-charge, amekuja mbio kwa shari, kichwa mbele, uzito wote nyuma yake. Kifaru mweupe dume huweza kupita tani mbili. Haoni vizuri, lakini anasikia na kunusa sana, ndiyo maana katika mbuga ya Ziwa Nakuru, penye vifaru weupe na weusi, hukatazwi tu kushuka garini bali unaombwa pia kunyamaza. Maana hii ilitoka vitani. Askari aliyelaza mkuki wake ukamwelekea adui alisemekana ku-charge silaha, kisha neno likahama kutoka kwenye mkuki kwenda kwenye mbio zenyewe.

Mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza mwaka 1989, hucheza na neno hilo. Magari hupita porini pasipo na barabara kama vifaru wenye hasira, na fedha zinazochangwa zimesaidia kujenga uzio wa msitu wa Aberdare. Uwanjani nako, Gor Mahia wakicheza na Leopards katika ile Mashemeji Dabi, charge ni kumkumba mwenzako kwa bega. Sheria ya 12 ya soka inaruhusu ubavu kwa ubavu mkiwania mpira. Ikifanywa kwa uzembe au kwa nguvu kupita kiasi, ni friikiki.

"She was charged with managing the chama's money." Amepewa kazi au amekamatwa?

Kazi. Amekabidhiwa pesa za chama azisimamie. Sasa ongeza herufi tatu: "She was charged with mismanaging the chama's money." Sasa yuko kortini kwa kuzifuja. Charged with inabeba yote mawili, jukumu na shtaka, na kinachoamua ni kinachofuata. Kikiwa jambo jema ni jukumu, kikiwa kosa ni shtaka. Kwa vyama vingine ninavyovijua, mtu hupitia maana zote mbili katika mwaka mmoja.

Mtihanini sina muda wa kukumbuka Warumi. Nishike nini?

Tazama neno dogo lililokaa karibu. For huleta malipo: charge for parking. With huleta shtaka au jukumu. At au towards huleta mnyama au askari anayekuja mbio. On a charge of ni "kwa shtaka la". Ukikuta charge over au on mbele ya land au property, ni rehani. Ikikaa na phone, battery, particle au electron, ni umeme. Kukiwa hakuna neno dogo lolote, tazama mtendaji. Nyati hana risiti na benki haina pembe.

Charged pia huelezea hali: "a charged meeting" ni mkutano ambao kila mtu amekaa kimya na hasira imemjaa. Mfano ni mtungi wa Franklin, unangoja kuguswa.

Nikiandika Kiswahili, niweke "chaji" kila mahali?

Kwa simu na fizikia, ndiyo: kuchaji, chaja, chaji hasi. Maneno hayo yamekwisha kupata uraia. Kwingine tunayo yetu na ni sahihi zaidi: shtaka, ada, kutoza, jukumu, kusimamia, rehani, kuvamia. Ukiandika "polisi walimchaji", msomaji wa Nakuru ataelewa, ila atamwona mtu amechomekwa ukutani.

Kuna tofauti gani kati ya chaji na chenji?

Herufi moja kwa Kiingereza, charge na change, na ugomvi mwingi kwenye matatu. Chenji ni pesa unayorudishiwa. Abiria mmoja wa kutoka Oile aliomba "charge yangu" mara tatu, kondakta akamjibu kwamba hii si simu. Akashukishwa Kondele bila shilingi hamsini zake, akaja kwangu kulalamika, na kwa kuwa simu yake ilikuwa imezima, nikamtoza ishirini.

Na bango lako, bado linasema "Phone Charging"?

Nililipaka upya Novemba, baada ya mtu wa tatu kuja na charge sheet na pesa mkononi. Sasa linasema "Tunachaji simu 20/-". Chini yake fundi aliongeza kwa herufi ndogo, bila kuniuliza: "Mashtaka hatupokei."